Shangazi, mpira ule siumezi tena

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 47, fundi cherehani hapa Newala. Naandika jambo ambalo nyumbani nikilisema wananicheka, kwamba mtu mzima mwenye wajukuu anaogopa kipimo.

Mwezi wa sita tumbo lilinishika vibaya. Usiku hapa kwenye chembe cha moyo panawaka kama kuna kaa la moto, nikila kidogo nimeshiba, na mara mbili nikapata choo cheusi kama lami. Daktari wa hapa akaniandikia rufaa niende Mtwara nikapigwe kamera ya tumbo. Maelekezo niliyopewa ni haya tu: "Nenda asubuhi bila kula." Basi letu linaondoka saa 11 alfajiri, kwa hiyo kabla ya kutoka nikanywa kikombe cha uji mzito, nikajisemea hii bado usiku, asubuhi haijafika. Nilikwenda peke yangu, maana baba watoto alikuwa shambani anapulizia mikorosho.

Saa 3 na nusu nikaitwa ndani. Nesi akauliza, "Una mtu wa kukurudisha nyumbani?" Nikasema sina. Akasema basi hakuna sindano ya usingizi, utapuliziwa ganzi. Nikaitikia ndiyo, wala sikujua naitikia nini. Wakanipulizia kitu kichungu kooni, ulimi ukawa mzito kama wa ng'ombe, na kabla sijamaliza kushangaa mpira ukawa mdomoni. Shangazi, nilijua nakufa. Mate yakanipalia, nikakohoa, nikaona pumzi haipiti, nikaushika mpira na kuuvuta. Nikasikia sauti, "Mama tulia, wewe ni mtu mzima!" Nikashikwa mikono. Daktari analalamika kuna uji, haoni vizuri. Wakachukua vinyama, wakautoa. Nilipotoka machozi yananichuruzika, watu waliokuwa kwenye benchi wakanitazama kama kondoo wa Idi anavyomtazama mwenzake aliyetangulia.

Kule stendi nikaagiza chai nipoze roho. Sikuhisi kama ni ya moto. Ikanipalia, na jioni nikagundua nimebabuka mdomo. Tumbo lilijaa kama ngoma mpaka nikafika Newala, nikawa nawaza wamenitoboa. Koo likauma siku mbili, nikatuliza kwa diklofenaki zangu ninazomezaga za mgongo, maana kazi yetu ya kuinamia cherehani unaijua.

Majibu yalisema nina kidonda kwenye mfuko wa tumbo na kuna bakteria. Nimepewa dawa, nimezimeza zote, sasa tumbo limetulia. Lakini kwenye karatasi wameandika nirudi baada ya wiki 8 nipigwe kamera tena. Zimebaki wiki 3. Shangazi, nirudi kufanya nini na mimi nimepona? Jirani ana mizizi yake anasema inatosha. Na vile vinyama walivyochukua, ndiyo kusema wanashuku saratani? Nikirudi, naweza kudai nusu kaputi kabisa nisijue kinachoendelea? Na tuambie ukweli, mpira ule umeshaingia kwa watu wangapi?

Halafu kuna mama yangu mzazi, yuko Mtama, ana miaka 71. Anatokwa na damu chooni, naye ameandikiwa kamera, lakini ya njia ya chini, hapo hapo Mtwara. Amepewa unga wa dawa wa kuchanganya na maji lita nyingi. Ameonja kikombe kimoja akasema bora afe na damu yake. Nifanyeje?

Ni mimi, fundi wa Newala.

*

Marahaba mwanangu,

Wanaokucheka waambie waje wamenyane na mpira wa unene wa kidole wenye urefu wa mita moja, kisha wacheke. Nimefanya kazi ya unesi miaka mingi, mingine kati ya hiyo nikiwa chumba hicho hicho cha kamera, na nimeona wanaume wenye vifua vya kubeba mizigo bandarini wakimlilia mama yao. Koo la binadamu limeumbwa likatae kitu kigeni. Ukikabwa, ukatapika hewa, ukakohoa, hapo mwili unafanya kazi yake. Aliyekuambia "wewe ni mtu mzima" alikosea, na kama alikuwa nesi mwenzangu, namwonea haya.

Ila nilivyosoma barua yako mara ya pili nimeona kitu. Karibu kila kilichokutesa siku ile kilikuwa na dawa yake, na dawa yenyewe ilikuwa ni kuambiwa mapema. Hukuambiwa. Kwa hiyo leo nakuambia mimi, na utanisamehe nikirefusha.

Utarudi. Hilo tulimalize kwanza. Kidonda kikiwa kwenye utumbo mwembamba, pale mwanzo wake, mara nyingi mtu akipata dawa na nafuu haihitajiki kamera ya pili. Cha kwako kiko kwenye mfuko wa tumbo wenyewe, na huko kuna saratani zinazojificha kwa sura ya kidonda cha kawaida, zinatulia kidogo kwa dawa, halafu zinaendelea. Ndiyo maana madaktari wanataka wakione kimefunga kwa macho yao, na safari hii tumbo likiwa halina uji. Vinyama visikutie hofu. Huchukuliwa kwa mtu yeyote mwenye kidonda, na mara nyingi hata kwa asiye na kidonda, ili kumtafuta yule bakteria. Halafu jiulize: wakati wanavikata ulihisi maumivu? Hukuhisi, maana ukuta wa tumbo kwa ndani hausikii mkato kama ngozi inavyosikia.

Mizizi ya jirani iache kwa jirani. Lakini kilichonifanya niweke miwani mezani ni diklofenaki. Mwanangu! Vidonda vya tumbo vina wasababishaji wakubwa wawili, yule bakteria na dawa za maumivu za ukoo huo: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Wewe ulikuwa nao wote wawili ndani ya nyumba moja. Bakteria umetibiwa, lakini siku ile ulitoka hospitali ukaenda kumeza kile kile kinachochimba shimo, eti utulize koo. Kwa koo na kwa mgongo tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, na mwambie daktari waziwazi umekuwa ukimeza nini na kwa muda gani. Bila hivyo kamera ya tatu, ya nne, zitafuata.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Tumbo linatakiwa liwe tupu kabisa saa 6 kabla ya kipimo, kwa kuhesabu saa kwenye vidole. Usiangalie kama jua limetoka au halijatoka. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Maji meupe unaweza kunywa kidogo kidogo mpaka saa 2 kabla, isipokuwa wakikupa masharti tofauti. Ukiitwa saa 3 asubuhi, tonge la mwisho ni kabla ya saa 9 usiku, na mimi kwa uzoefu wangu nasema ule jioni chakula chepesi halafu ulale. Faida yake si daktari kuona tu. Tumbo lenye kitu hutapisha zaidi, na ukiwa umechomwa sindano ya kutuliza, kilichopanda kinaweza kupotea njia kikaingia mapafuni. Hapo ndipo penye hatari ya kweli.

Ganzi ya kupulizia inahitaji dakika chache ili ishike. Ulichofanyiwa wewe, kupuliziwa na kuingiziwa palepale, ni sawa na kung'olewa jino sindano ikiwa bado iko mkononi mwa daktari. Una haki ya kusema kwa adabu, "Dokta, naomba ishike kwanza." Na uelewe hisia zake, kwa sababu ndizo zilizokutisha. Koo likifa ganzi unaona kama limevimba, kama huwezi kumeza, kama pumzi imeziba. Haijaziba. Njia ya hewa na njia ya chakula ni mbili, mpira unapita ya chakula, na hewa inaendelea kupita kwenye njia yake muda wote. Kwenye kidole wanakuwekea kibanio kinachosoma hewa kwenye damu, kwa hiyo hata ukiona unakufa, mashine inakukatalia.

Mate ndiyo adui aliyekushinda. Umelelewa, kama sisi sote, kwamba mtu mzima hatokwi udenda mbele za watu, ukajaribu kuyameza na koo lina ganzi, yakapotea njia. Safari hii yaache. Utalazwa ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani, mdomoni una kipande cha plastiki cha kuuma ili meno yasiutafune mpira. Yaache mate yatiririke yenyewe kwenye kitambaa. Macho usiyafumbe. Fumba macho na akili yako yote itakwenda kukaa kooni. Fumbua, tafuta kitu kimoja ukutani, msumari, doa, chochote, ukikazie. Vuta pumzi kwa pua polepole, itoe ndefu kuliko ulivyoivuta. Ukiambiwa "meza," meza mara moja tu, hapo mpira unavuka. Sehemu mbaya ni hiyo ya kuvuka, na ni sekunde chache. Ukishapita koo, kinachobaki ni kujaa upepo, na kipimo chote mara nyingi ni kati ya dakika 5 na 15.

Anza mazoezi leo hapo kwenye cherehani. Pua, polepole, toa ndefu. Wiki 3 zinatosha mwili kuzoea.

Kabla hujalala kwenye kile kitanda, kubaliana nao alama. Mdomo utakuwa na kazi, hutaweza kusema, lakini mkono unao. "Nikiinua mkono wa kulia, naomba msimame kidogo." Hakuna daktari mwenye akili atakayekataa, na mtu anayejua anaweza kusimamisha jambo hulivumilia zaidi ya yule aliyebanwa. Usiuvute mpira tena. Kuuvuta ndiko kunakokwaruza, na nadhani nusu ya maumivu yako ya zile siku 2 ulijitengenezea mwenyewe, si kwa kosa lako. Na uwaambie tangu mlangoni kwamba mara ya kwanza ulipata shida. Usione haya. Mgonjwa anayesema hivyo hupewa mtu wa kukaa naye kichwani, wa kumshika bega na kumsemesha, na mkono ule wa begani, wallahi, nimeuona ukifanya kazi kubwa. Wengine hupenda kusikiliza kisomo, kwaya au muziki kwenye simu kwa sauti ndogo. Omba, wakikataa umepoteza nini?

Sasa usingizi. Hapa nataka tuongee taratibu, kwa sababu ulinyimwa kwa sababu ya basi, na wengi wa huku kwetu wananyimwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna vitu viwili vinavyochanganywa. Nusu kaputi kamili, ya mtaalamu wa usingizi, ambapo hujui chochote, ina matayarisho yake na hatari zake, na kwa kipimo kifupi kama hiki wagonjwa wengi hawaihitaji. Kisha kuna sindano ya kutuliza inayoingia mshipani, mara nyingi dawa iitwayo midazolamu. Hiyo inakulegeza, unasinzia, ukiitwa unaitika, na baadaye hukumbuki sana. Nimewahi kumwamsha mzee mmoja akaniuliza, "Sasa mnaanza saa ngapi?" na vinyama vyake vilikuwa vimeshaingia kwenye chupa. Kwa mtu aliyepatwa na yaliyokupata, mimi ningekuombea hiyo sindano bila kusita. Ukiwa na pumu, ugonjwa wa moyo, au unakoroma mpaka pumzi inakatika usingizini, waambie kwanza, kwa sababu dawa hizi zinapunguza pumzi.

Bei ya sindano hiyo unailipa baadaye. Saa 24 zinazofuata kichwa chako si chako, hata kama unajiona mzima. Hupandi basi la Newala peke yako ukashukia kijiji usichokijua. Huendeshi pikipiki, hugusi cherehani wala mkasi wala pasi ya mkaa, husaini karatasi yoyote, hata ya kikoba. Pombe kabisa usiiguse. Ndiyo maana wanauliza una mtu. Kwa hiyo usiende kama ulivyokwenda. Ondoka Newala siku moja kabla, ulale Mtwara, hukosi ndugu wa Chikongola au Magomeni. Nenda na mtu mzima mmoja atakayekaa kwenye benchi kisha akurudishe ulipofikia. Ulale tena usiku wa pili, ndipo upande basi. Najua ni nauli ya watu wawili na siku 3 bila kushona. Kama haiwezekani kabisa, basi ganzi peke yake inatosha kwa watu wengi, mradi ifanywe kama nilivyoeleza, na jioni hiyo hiyo unarudi. Chagua ukijua unachochagua. Safari ile hukuchagua, ulijibu swali tu. Uliza pia gharama mapema, na kama una bima uliza inalipia sindano au inalipia kipimo peke yake.

Hospitali zenye vifaa zina kamera nyembamba inayopita puani, karibu nusu ya unene wa hii ya kawaida, na haigusi ile sehemu ya koo inayotapisha. Kuuliza hakuna kodi.

Mpira umeingia kwa wengi, ndiyo. Kati ya mgonjwa na mgonjwa unasuguliwa kwa brashi mpaka kwenye matundu yake ya ndani, unalowekwa kwenye dawa ya kuua vimelea, unasuuzwa. Na wewe nesi mwenzangu unayesoma hapa, mtu akikuuliza "mmeosha?" usimwite mjuaji. Nilikuwa nawapenda waliouliza.

Na umshukuru Mungu umezaliwa zama hizi. Mwaka 1868 daktari wa Ujerumani, Adolf Kussmaul, alipotaka kutazama tumbo la mtu aliye hai alitumia bomba la chuma lililonyooka. Unajua alimpata nani wa kulimeza? Mmeza panga wa mazingaombwe. Ikabidi dunia ingoje mpaka 1957 ndipo Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani, akapata mpira unaopinda wenye nyuzi za kioo, na wa kwanza kuumeza alikuwa yeye mwenyewe. Ningependa kila anayemkaripia mgonjwa afanye kama Hirschowitz.

Ukitoka, usiguse chochote mpaka ganzi iishe, nusu saa mpaka saa 1 hivi. Jaribu kwa tone la maji ya kawaida. Likipita bila kukohoa, endelea. Chai ya stendi ingoje. Chakula cha kwanza kiwe laini na kisicho cha moto, uji wa mchele au viazi vilivyopondwa, na ugali wa muhogo na pilipili viwe vya kesho. Koo likiwasha, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, litaisha kwa siku 1 au 2. Ule upepo uliolijaza tumbo kama ngoma waliupuliza wao ili kuta zitanuke waone, na unatoka kwa njia unazozijua. Beua. Tembeatembea, legeza kanga kiunoni. Ila ukipata maumivu makali tumboni au kifuani yasiyopungua, homa, pumzi kubana, kutapika damu, choo cheusi tena, au ukashindwa kumeza kabisa, usisubiri basi la kesho. Nenda hospitali iliyo karibu usiku huo huo na useme nilipigwa kamera. Ni nadra sana, lakini ukiyaona usiyafanyie subira.

Omeprazoli kama bado unameza, uliza kwa simu kabla ya kwenda. Wakitaka kupima kama bakteria amekwisha, dawa hiyo humficha, na kwa kawaida husimamishwa wiki 2 kabla. Lakini pengine daktari anataka uendelee nayo kwa ajili ya kidonda. Usijiamulie.

Sasa Mama wa Mtama. Mpe shikamoo zangu. Umri wa miaka 71 na damu chooni, hilo si la kuachia "bora nife." Inaweza kuwa bawasiri tu, inaweza kuwa kinyama kidogo kwenye utumbo mpana ambacho daktari anakikata hapo hapo kwa kamera kabla hakijageuka kuwa kitu kingine. Wote waliopita mikononi mwangu walisema jambo moja: kipimo chenyewe si kibaya kama dawa ya kunywa. Kwa hiyo tupambane na dawa.

Kosa kubwa litakuwa kuinywea Mtama halafu kupanda gari. Sitaki kueleza zaidi. Ainywee Mtwara, nyumba yenye choo cha karibu, taa ikiwa imewaka usiku kucha na wewe ukilala chumba hicho hicho, maana mzee anayekimbilia choo gizani akiwa na kizunguzungu anaanguka. Siku 2 au 3 kabla mpunguzie makapi: wali mweupe, samaki, yai, mkate mweupe. Kisamvu, mbaazi, njugu mawe, korosho, ming'oko na mapera visimame. Najua ni kumnyima Kusini nzima, lakini mbegu na nyuzi vinaziba macho ya kamera, na kazi itarudiwa. Dawa ichanganywe mapema na ipoe vizuri kwenye friji au mtungini; ikiwa baridi ladha yake inalala. Anywe kwa mrija, kikombe kila baada ya robo saa, alambe kipande cha ndimu katikati. Kichefuchefu kikipanda apumzike nusu saa, atembee, aendelee. Mwulizeni daktari kama inaweza kugawanywa, nusu jioni na nusu alfajiri, kwa sababu hivyo ni rahisi kwa mnywaji na utumbo unasafika vizuri zaidi. Katikati anywe vitu vinavyopenya mwanga: maji, chai ya rangi, maji ya dafu yaliyochujwa, mchuzi uliochujwa. Rozela hapana, rangi yake nyekundu itafanana na damu. Akiwa na shida ya figo au moyo, hayo yote, hata dafu, aulizwe daktari kwanza.

Na kabla hajaanza kuharisha, apakwe mafuta mazito ya mgando kule nyuma, aendelee kupaka kila anaporudi. Ajioshe kwa maji ya vuguvugu, ajikaushe kwa kugusa, asisugue. Jambo dogo hili limeokoa machozi mengi kuliko dawa za maumivu. Vidonge vya kuongeza damu husimamishwa kama wiki 1 kabla. Vya sukari na vya kulainisha damu ulizeni, msivikate wenyewe.

Ndani ya chumba, aombe stara yake. Apewe shuka, na akipenda nesi wa kike awe karibu. Utumbo una kona, na mpira unapofika konani tumbo linanyonga. Hapo nesi atamkandamiza tumbo au atamgeuza ubavu, na akiomba wasimame kidogo wapunguze hewa, wasimame. Hospitali nyingine hutumia hewa ya kaboni au maji badala ya upepo wa kawaida, na tumbo halijai sana. Baada ya hapo kazi yake ni moja, ajambe. Mwambie nimesema mimi, asijizuie kwa kuwaonea haya wakwe.

Ombeni tarehe zenu zifuatane, ya mama kwanza, yako siku ya tatu yake. Wewe utakuwa mtu wake siku yake. Siku yako yeye hatakuwa na nguvu za kukubeba, kwa hiyo baba watoto aache mikorosho kidogo, aje. Na ubebe vitenge viwili. Cha kwanza kitalowa mate.